Sebule ya kwenye picha, ndani ya nyumba yako: fanya hatua kwa hatua

Haipiti wiki sijatumiwa picha. Makochi ya kijivu, ukuta mweupe, zulia la manyoya, dirisha linaloanzia sakafuni. Chini yake ujumbe: "Fundi, nataka hivi hivi." Namwomba na yeye anitumie picha ya sebule yake. Inakuja: vigae vyekundu vya kahawia, dirisha moja la nondo linalotazama ukuta wa jirani, taa moja nyeupe katikati ya dari. Baada ya hapo maswali ni yale yale. Nipake rangi gani? Nitahitaji galoni ngapi? Kwa nini kwa jirani imependeza na kwangu imechacha? Leo nayajibu yote kwa pamoja.

Hapa tunazungumzia sebule ya kawaida ya nyumba ya tofali, bila kubomoa kitu. Ukiwa na msaidizi mmoja, tenga siku sita au saba. Kama umepanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kushika brashi, na ipate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Wapo waliopaka vizuri wakaambiwa warudishe rangi ya zamani siku ya kuhama.

Na kwa sisi wa pwani, angalia kalenda. Masika, yaani Machi hadi Mei, ukuta haukauki vizuri na rangi inachelewa. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, ndiyo ya kazi hii.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Tepu ya kupimia, kalamu na daftari
- Skrepa ya kukwangulia na kisu cha puti
- Msasa namba 120 na namba 180
- Puti ya ukutani (ya kuziba mashimo na nyufa), pamoja na praima (tabaka la kwanza la kushikisha rangi)
- Rola moja nzuri (ya bei chee itaacha nyuzi ukutani), brashi ya inchi 2 au 3, trei
- Tepu ya karatasi ya kuzuia rangi
- Maboksi ya zamani au turubai la kutandika chini
- Ngazi isiyoyumba, barakoa, miwani ya kukinga macho
- Ndoo tupu ya lita 20 yenye mfuniko
- Jiki, sabuni ya unga, matambara

Rangi haimo kwenye orodha. Usiinunue bado.

Hatua ya 1. Kaa na chumba chako siku nzima

Piga picha nne za sebule kutoka mahali pamoja: saa 2 asubuhi, saa 7 mchana, saa 11 jioni, na usiku taa ikiwa imewashwa. Zitazame kwa mfuatano. Utagundua ukuta uleule una rangi nne. Dirisha linalotazama magharibi litamwaga mwanga wa dhahabu jioni, na krimu yako itageuka kuwa njano. Dirisha linalotazama ukuta wa jirani aliopaka kijani litakuletea kijani ndani, utake usitake.

Hatua ya 2. Andika visivyobadilika

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wote, na ndiyo inayoamua kazi nzima. Andika vitu ambavyo huna fedha au ruhusa ya kuvibadilisha: sakafu, dari, fremu za madirisha, mlango, na lile kochi ambalo bado unalilipia.

Sakafu ndiyo bosi. Ni eneo kubwa, na rangi yake inapanda ukutani. Kama vigae vyako ni vyekundu au kahawia, kijivu cha kwenye picha kitaonekana cha baridi, kama chumba cha kusubiria daktari. Vigae hivyo vinapatana na krimu, rangi ya mchanga, rangi ya udongo au kijani cha majani makavu. Kama ni vyeupe au vya kijivu, hapo ndipo kijivu, bluu na nyeupe tupu zinapokaa. Sakafu ya saruji iliyopigwa sirei inakubali karibu kila kitu, na ningekuwa wewe nisingeifunika.

Hatua ya 3. Chagua mtindo unaokubaliana na orodha hiyo

Usichague mitindo mitatu. Chagua mmoja, kisha uazime kitu kimoja tu kutoka mwingine.

*Wa Pwani.* Ndio wa nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja: kuta nyeupe za chokaa, mbao nyeusi zilizochongwa, zidaka (vishubaka vya ndani ya ukuta) zenye sahani na vyombo, mikeka. Ukiuiga, jua kwanza ulitoka wapi. Dari za nyumba zile zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki kwa raha zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vyao ni virefu na vyembamba, na viti hupangwa kufuata ukuta. Zidaka zilichongwa kwenye kuta za mawe ya matumbawe zenye unene unaokaribia nusu mita. Ukuta wako wa tofali la inchi 6 hauna nafasi hiyo. Usimruhusu fundi autoboe ili akutengenezee kidaka. Utaudhoofisha, na huenda upande wa pili kuna bomba. Tengeneza rafu za mbao au kisanduku cha jipsamu mbele ya ukuta. Weka kiti kimoja cha kuchonga na mkeka wa ukili, ukuta uwe mweupe usiong'aa, basi.

Nyongeza kwa mwenye nyumba halisi ya matumbawe: usipige lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Chokaa hupumua, saruji huziba. Unyevu ukikosa pa kutokea utabaki ndani ya ukuta na lipu itaanguka vipande vipande.

*Wa Skandinavia.* Huu ndio wa picha nyingi mnazonitumia: nyeupe, mbao nyepesi, vitu vichache. Umetoka nchi ambazo majira ya baridi jua halikai sana, kwa hiyo weupe unawasaidia kusambaza mwanga kidogo walio nao. Sisi tuna mwanga wa kumwaga. Ukuta mweupe tupu, vigae vyeupe vinavyong'aa na jua la saa 7 vitakufanya ukunje uso ndani ya nyumba yako mwenyewe. Chukua ile tabia ya vitu vichache na mbao nyepesi, lakini ukuta ushushe hadi rangi ya maziwa au krimu isiyong'aa. Kochi jeupe na barabara ya vumbi sitalizungumzia.

*Wa Kiafrika.* Vitenge kwenye mito, vikapu, vinyago vya mpingo, picha za Tingatinga. Mtindo huo wa uchoraji aliuanzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na alichorea rangi ya mafuta inayouzwa dukani, ndiyo maana picha zake zinang'aa na kupiga kelele. Kwa sababu hiyo, weka picha moja kubwa ukutani, zisiwe sita. Halafu chagua rangi moja iliyofifia ndani ya picha hiyo ndiyo iwe ya mito. Ukuta ubaki mtulivu.

*Wa jipsamu na taa za rangi.* Najua mnaupenda. Pima kwanza. Dari ya ngazi itashuka sentimita 10 hadi 20. Kama kwako kutoka sakafuni hadi dari ni mita 2.6, na una pangaboi, hesabu itakataa: mapanga yanatakiwa kubaki juu ya mita 2.1 kutoka sakafuni, na zaidi kama kuna kijana mrefu anayevua shati akiwa amesimama. Jipsamu pia haistahimili maji. Bati likivuja mara moja, utaona ramani ya Afrika kwenye dari mpya. Ziba bati kwanza.

Hatua ya 4. Pima, kisha kokotoa rangi

Jumlisha urefu wa kuta zote, zidisha kwa kimo, toa milango na madirisha. Mfano wa chumba cha mita 4 kwa 5 chenye kimo cha mita 3:

Mzunguko: 4 + 5 + 4 + 5 = mita 18
Kuta: 18 × 3 = mita za mraba 54
Mlango mmoja (0.9 × 2.1) na madirisha mawili (1.5 × 1.5): karibu 6.4
Kinachopakwa: karibu 48
Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili: 96

Kopo litakuambia lita moja inapaka mita za mraba 10 au hata 12. Hiyo ni kwenye ukuta laini kama kioo. Kwa kuta zetu weka 8. Kwa hiyo 96 ÷ 8 = lita 12, yaani galoni tatu za lita 4. Praima ihesabu kando.

Hatua ya 5. Jaribu kabla ya kununua yote

Nunua kopo dogo. Paka mikono miwili kwenye kipande cha boksi au silingibodi chenye ukubwa wa nusu mita kwa nusu mita, kisha kizungushe chumbani kwa siku mbili: karibu na sakafu, nyuma ya kochi, kando ya dirisha, usiku chini ya taa. Usiamini kadi ndogo ya dukani. Rangi ikishaenea ukuta mzima huonekana nzito kuliko kwenye kadi, hivyo ukisita kati ya mbili, chukua iliyo nyepesi.

Ukiridhika, nunua galoni zote siku moja na uangalie namba za toleo zifanane.

Hatua ya 6. Andaa ukuta

Hapa ndipo kazi ilipo. Mimi hutumia siku tatu kuandaa na siku mbili kupaka, na wateja hudhani navuta muda.

Hamisha vitu au visogeze katikati uvifunike. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kufungua vifuniko vya soketi na swichi. Kama unachotaka ni kuhamisha soketi au kuongeza waya, mwite fundi umeme.

Kisha ujue ukuta umepakwa nini. Chovya tambara kwenye spiriti na usugue sehemu ndogo. Rangi ikitoka kwenye tambara, ni ya maji. Isipotoka, ni ya mafuta, na rangi ya maji ukiipaka moja kwa moja juu yake itabanduka kama ganda la yai. Lazima uipige msasa hadi ipoteze mng'ao, kisha praima ya kushikisha. Tahadhari: rangi za mafuta za miaka mingi huenda zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto na wajawazito. Usizipige msasa mkavu. Lowesha ukuta na msasa, vaa barakoa, ondoa watoto, futa vumbi kwa tambara bichi. Na kama dari ni ya bodi za zamani unazoshuku kuwa ni asbestosi, usizikwangue wala kuzitoboa.

Kwangua kila kinacholegea. Gonga ukuta kwa mpini wa bisibisi. Panapotoa sauti ya debe tupu, lipu imeachia, itoe na uirudishie. Lipu mpya isubiri karibu siku 28 kabla ya rangi. Ndiyo, mwezi mzima. Saruji mbichi ina ukali unaokula rangi.

Penye ukungu mweusi, osha kwa jiki kipimo kimoja na maji vipimo vitatu, acha dakika 15, suuza, kausha. Fungua madirisha, na usichanganye jiki na dawa nyingine yoyote ya kusafishia.

Jaza mashimo na nyufa kwa puti. Ukitaka ukuta laini kabisa utapiga skimu, yaani kuvuta tabaka jembamba la puti ukuta mzima, mara mbili. Namba 120 ya kusawazisha, namba 180 ya kumalizia. Ukimaliza, zima taa ya juu na uelekeze tochi ya simu kando ya ukuta. Kila kilima na kila bonde litajitokeza. Sahihisha sasa, rangi haifichi, inatangaza.

Futa vumbi, paka praima, acha ikauke.

Hatua ya 7. Paka

Anza na dari, kisha kuta, mwishoni mlango na fremu.

Mimina galoni zote tatu kwenye ile ndoo ya lita 20 na ukoroge. Galoni mbili za jina moja zinaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo utaiona katikati ya ukuta pale moja inapoishia. Ukichanganya zote, tatizo limekwisha.

Kata kingo kwa brashi: upana wa vidole vinne kuzunguka dari, pembe, soketi na fremu. Kata ukuta mmoja, piga rola ukuta huohuo kabla kingo hazijakauka, ndipo uhamie mwingine. Ukikata chumba kizima kwanza, utabaki na fremu ya rangi nzito kuzunguka kila ukuta.

Rola ichovye, iviringishe kwenye trei hadi iache kudondosha. Chora umbo la M ukutani, jaza katikati, malizia kwa kuvuta taratibu kutoka juu hadi chini. Usikandamize. Usirudi kugusa palipoanza kukauka hata kama umeona kasoro. Utaitengeneza kwenye mkono wa pili. Na usipumzike katikati ya ukuta. Chai itasubiri ufike kwenye pembe.

Kati ya mkono wa kwanza na wa pili subiri muda ulioandikwa kwenye kopo. Siku ya unyevu subiri usiku kucha. Maji usizidishe kuliko kopo linavyosema. Mafundi wa haraka huongeza maji ili galoni mbili zifanye kazi ya tatu, na mwaka hauishi ukuta haujaanza kutoa unga.

Tepu ya karatasi ibandue rangi ikiwa bado na ubichi kidogo, ukiivuta kwa kuipinda nyuma.

Hatua ya 8. Badilisha taa kabla hujalaumu rangi

Tazama boksi la balbu. Namba yenye K ndiyo rangi ya mwanga: 2700 hadi 3000 ni wa joto, kama wa jioni, 4000 ni wa kati, 6500 ni ule mweupe wa bluu unaojaa madukani kwetu. Krimu na rangi za udongo chini ya 6500 huonekana kama zimeugua. Weka 3000 sebuleni, na 6500 iende jikoni au stoo. Halafu usitegemee taa moja ya katikati. Ongeza ya mezani au ya kusimama kwenye kona. Sijui kitu kingine cha gharama ndogo kinachobadilisha sebule kiasi hicho.

Hatua ya 9. Pazia

Bomba la pazia liwe juu ya fremu kwa sentimita 15 hadi 20, na lizidi dirisha sentimita 20 kila upande. Dirisha la sentimita 150 linataka bomba la 190, na kitambaa cha upana mara mbili yake, yaani 380. Wengi hununua kitambaa sawa na dirisha, kisha pazia likifungwa linakaa kama shuka lililoanikwa. Urefu uishie sentimita 2 juu ya sakafu. Yale yanayoburuta chini kwenye picha ni ya watu wasiodeki kila asubuhi.

Hatua ya 10. Panga samani

Kabla ya kuagiza kochi, iwe kwa mafundi wa Keko, Dar es Salaam, au kwingineko, pima mlango, korido na kona. Nimewahi kushuhudia kochi la umbo la L likisimama kibarazani siku mbili, mpaka mwenye nyumba akaita mchomeleaji akate nondo za dirisha.

Chora umbo la kochi na meza sakafuni kwa tepu ya karatasi, uishi nalo jioni moja. Njia ya kupita isipungue sentimita 75. Kati ya kochi na meza ndogo acha 40 hadi 45, mkono ufikie kikombe. Zulia liingie chini ya miguu ya mbele ya makochi. Likielea peke yake katikati huonekana kama leso iliyodondoka.

Mambo yakienda kombo

*Rangi imevimba malengelenge.* Kuna unyevu nyuma yake. Nilishawahi kurudia ukuta mmoja mara mbili kabla ya kutambua kuwa upande wa pili ni bafu, na bomba linavuja. Tafuta maji kwanza, kausha, kwangua, anza upya.

*Unga mweupe chini ya ukuta.* Ni chumvi, inaletwa juu na unyevu kutoka ardhini. Isugue kwa brashi kavu, usiioshe, maana maji yatairudisha ndani. Angalia nje: huenda udongo umepanda juu ya msingi au maji ya mvua yanatuama hapo. Usipoondoa chanzo, hata rangi ghali itatoka.

*Doa la maji darini linarudi kila nikipaka.* Rangi ya maji inaliyeyusha na kulipandisha juu. Ziba bati, acha pakauke kabisa, paka doa hilo praima ya mafuta, kisha rangi ya maji juu.

*Mistari ya rola.* Ulikandamiza, au rola ilikuwa na rangi kidogo. Msasa 180 mwepesi, mkono mmoja zaidi.

*Ufa umerudi palepale.* Ufa mwembamba kama unywele upanue kwa ncha ya skrepa, weka utepe wa nyavu, kisha puti. Lakini ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha, au unaoingiza sarafu, usiufunike. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake, andika tarehe. Ukivuka alama, mwite mtu wa ujenzi aangalie msingi.

*Rangi ni nzuri lakini chumba kimekuwa kidogo.* Mara nyingi dari ndiyo iliyopakwa rangi nzito, au kabati limeziba dirisha. Paka dari nyeupe, hamisha kabati, kisha piga tena zile picha nne za hatua ya 1 uzilinganishe na za mwanzo.